Nyonga mpya kwenye nyumba ya vigoda

Mtu aliyebadilishwa nyonga hutoka wodini akitembea, na hapo ndipo ndugu wanapojisahau. Mama aliyeburuta mguu miaka mitatu anaonekana, siku ya nne tu tangu apasuliwe, akienda na magongo yake mpaka kwenye gari, na kila mtu anashusha pumzi. Daktari kamaliza kazi yake, ni kweli. Iliyobaki ni ya nyumbani, na maisha ya nyumba zetu nyingi yako chini: tunaketi kwenye kigoda, tunakuna nazi kwenye mbuzi, tunafua kwenye beseni lililo sakafuni, tunakula mkekani, tunachuchumaa chooni. Nyonga ya kuzaliwa imeyazoea hayo. Hii mpya haitaki hata moja katika wiki 12 za mwanzo. Sisi tunaouguza tumejifunza kwamba nyonga haingoji mtu aanguke ndipo ichomoke. Kuinama tu kunatosha.

Ukijua kilichomo ndani utaelewa sababu. Kichwa cha mfupa wa paja, lile tufe linaloingia kwenye kiuno, kimekatwa na kutolewa. Mahali pake kuna kichwa cha chuma au cha kauri, kimesimama juu ya shina la chuma lililozamishwa ndani ya mfupa wa paja. Upande wa kiuno kumewekwa kikombe, na ndani ya kikombe mara nyingi kuna bitana ya plastiki ngumu. Kichwa kinazunguka humo. Hakuna msumari wala gundi inayokifunga kwenye kikombe. Kinachokizuia ni misuli na ule utando mgumu unaokizingira kiungo, na vyote viwili daktari alivikata au kuvitenga ili apite. Mpaka vishikane tena, mgonjwa akijikunja kupita kiasi, sehemu ya juu ya paja inaegemea ukingo wa kikombe na kichwa kinang'oka kwa upande wa pili, kama kizibo cha soda kinavyong'olewa na opena.

Kabla ya kutoka wodini muulizeni daktari jambo moja: alipita nyuma, ubavuni au mbele? Msikisie kwa kuangalia kovu. Kwa aliyepasuliwa kwa nyuma miiko ni mitatu. Goti lisipande juu kuliko nyonga, wala kifua kisilifuate paja, yaani pembe kati ya kiwiliwili na paja isipungue nyuzi 90. Mguu uliopasuliwa usivuke katikati ya mwili, kwa hiyo hakuna kukunja nne wala kupishanisha vifundo vya miguu. Na vidole vya mguu huo visigeukie ndani. Aliyepasuliwa kwa mbele ana mwiko wa kinyume: asipeleke mguu nyuma sana huku unyayo umegeukia nje. Wapo madaktari ambao siku hizi hulegeza masharti haya. Wa kufuatwa ni yule aliyeshika kisu, si jirani aliyepasuliwa mwaka juzi.

Kazi ya kwanza nyumbani, kabla mgonjwa hajafika, ni kukata kijiti. Mpini wa ufagio uliovunjika unatosha. Msimamishe mgonjwa akiwa amevaa viatu vyake vya ndani, pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo nyuma ya goti, ongeza upana wa vidole vinne, kata hapo. Kwa mtu wa kimo cha kawaida kijiti huwa na sentimita kama 50. Zunguka nacho nyumba nzima. Kiti, kitanda, choo, benchi la barazani: chochote ambacho kijiti kinakizidi kimo hakikaliwi mpaka kiinuliwe. Sofa na kitanda vipimwe mtu akiwa amekaa juu yake, maana sponji iliyochoka inazama, na sofa lililoonekana limefaulu linaweza kufeli kwa sentimita kumi nzima. Sofa za sebuleni nyingi hufeli. Mwenye nyumba hufadhaika, kwa kuwa ndizo za gharama, lakini kiti cha mbao cha mezani chenye mikono ndicho kiti cha mgonjwa.

Kiti cha plastiki kina kasoro mbili. Ni kifupi, na kimelalia nyuma, hivyo makalio yanakuwa chini ya magoti hata pale ukingo wa mbele unapofika kwenye kijiti. Pachika viwili au vitatu pamoja, halafu kunja blanketi uweke upande wa nyuma mpaka pakae sawa. Pima upya. Kiti kisicho na mikono ya kushikia hakifai hata kikiwa kirefu, kwa sababu mgonjwa hana pa kujisukumia.

Kitanda kiinuliwe kwa vipande vya mbao, si kwa matofali. Tofali la kuchoma humeguka, na mguu wa kitanda huteleza juu yake usiku mgonjwa anapojigeuza. Mwambie seremala akate vipande vinne vya unene unaotakiwa, kila kimoja akitoboe tundu la kina cha sentimita 3 ili mguu wa kitanda uingie humo. Kisha kuna chandarua, ambacho kwenye miongozo iliyoandikwa kwa nchi za baridi huwezi kukikuta. Kukichomeka chini ya godoro ni kuinama na kujipinda kwa pamoja, na pindo lililoachwa likining'inia hunasa gongo. Chandarua kichomekwe na mtu mwingine mgonjwa akishalala, na upande wa kutokea uachwe mrefu wa kutosha kuupandisha juu kwa mkono mmoja.

Wiki za mwanzo alale chali, mto ukiwa katikati ya mapaja. Akitaka kulala ubavu, alalie upande usiopasuliwa, na mto uwe mrefu, utoke mapajani hadi kwenye kifundo. Mto mfupi wa magotini unaacha sehemu ya chini ya mguu ikining'inia na paja linajizungusha kwa ndani. Mito miwili iliyofungwa pamoja kwa kanga inafaa.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachotaka pesa kwanza. Watu hutoboa kiti cha plastiki, wakadhani wamemaliza. Kile kikalio ndicho kinachoishikilia miguu minne ya kiti. Ukikikata tundu, miguu inatanuka siku moja mtu akiwa juu. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, akutengenezee fremu ya bomba za chuma: urefu wa kijiti chako, mikono miwili ya kushikia, miguu iliyotanuka kidogo kuliko kikalio ili ikae nje ya sinki la choo, na raba kwenye kila ncha. Juu yake funga kikalio cha choo cha kawaida kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Tatizo litakalojitokeza siku ya kwanza ni kurukiwa, kwa kuwa haja inaanguka kutoka nusu mita. Chukua ndoo ndogo ya plastiki, kata kitako, itundike chini ya tundu iwe kama faneli hadi karibu na sinki. Kisha mwite mtu mzito kuliko wote nyumbani akalie na ajitikise mbele na nyuma. Kiti kikisogea, kirudi kwa fundi.

Kwenye choo cha kukaa mambo ni mepesi zaidi, ila vingi ni vifupi kuliko kijiti. Fremu hiyohiyo, bila ndoo, inasimama juu yake. Kopo la kutawazia lisiwe sakafuni: liwe juu ya stuli, mkono unapofika bila kuinama. Mpira wa maji wa kubonyeza ni bora kuliko kopo. Kuoga pia ni kwa kukaa, ndoo ikiwa juu ya stuli, na dodoki limefungwa kwenye kijiti kirefu cha kufikia miguuni. Povu la sabuni limwagiwe maji na msaidizi kabla mgonjwa hajasimama, na sakafu yenye vigae vya kung'aa ilazwe mkeka wa mpira unaonata. Taulo la kukanyagia halinati. Linakwenda na mtu.

Namna ya kukaa na kuinuka hufundishwa wodini na husahaulika siku ya pili. Kukaa: rudi kinyumenyume mpaka kiti kiguse nyuma ya miguu yote miwili, sogeza mguu uliopasuliwa mbele, shika mikono ya kiti, shuka taratibu. Kuinuka: jiburute hadi ukingoni, mguu uliopasuliwa ukiwa umenyooka mbele, jisukume kwa mikono ya kiti. Usivute woka, ile fremu ya kutembelea, itakuangukia. Ule mguu wa mbele ndio siri yote. Mtu aliyekaa wima kwenye kiti kirefu tayari yuko karibu na nyuzi 90. Akiinamisha kifua ili ainuke, ameshapita. Akinyoosha mguu mbele, pembe inafunguka. Sheria hii ndiyo ya mezani pia: sahani isogezwe kwa mgonjwa, si mgonjwa kwa sahani. Na simu ikianguka, iache ilie. Mfungie mgonjwa kamba ya simu shingoni, pamoja na tochi ndogo kwa siku ambazo umeme unakatika.

Anayeswali aswali kwenye kiti, lakini rukuu na sujudu za kwenye kiti nazo zina pembe. Akae ukingoni, mguu uliopasuliwa ameunyoosha mbele, na ainamishe kichwa na mabega tu, sujudu ikizidi rukuu kidogo. Wale wanaojikunja mpaka paji la uso likaribie magoti wanafanya kilekile walichokwepa kwa kutokwenda sakafuni. Miguu ya udhu amwagiwe na mwingine, au atumie mpira mrefu akiwa amekaa. Kupiga magoti kanisani nako kungoje ruhusa ya daktari.

Magongo yana vipimo vyake. Ya kwapani: juu yabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya gongo na kwapa, mshikio uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono pale mkono unapoachwa kuning'inia. Uzito unabebwa na viganja. Anayening'inia kwa makwapa anaibana mishipa ya fahamu, na baada ya siku chache vidole vinaanza kufa ganzi. Ndugu hudhani ni kiharusi. Geuza gongo uangalie raba kila wiki. Ikilika mpaka chuma kinaonekana, gongo hilo ni barafu juu ya vigae. Kwenye uwanja wa mchanga ncha zinazama, basi tandikeni mbao au vipande vya zege njia ya kwenda chooni. Kandambili zikae pembeni. Viatu viwe vya kufunika kisigino, visivyo na kamba. Dera na kanga zinazoburuta zipandishwe hadi juu ya kifundo. Kama mnafuga kuku, wafungieni. Kuku na mtoto wa miaka miwili hupita mahali pamoja, mbele kabisa ya gongo.

Kugeuka, mgonjwa ageuke kama lori, si kama bodaboda: hatua ndogondogo mpaka amalize duara. Akisimamia mguu mpya na kuuzungusha mwili juu yake, paja linajipinda. Kwenye ngazi, mguu mzima unatangulia kupanda, ukifuatwa na uliopasuliwa na magongo. Wakati wa kushuka magongo na mguu uliopasuliwa vinatangulia. Akifika hatua ya kutumia fimbo moja, aishike kwa mkono wa upande usiopasuliwa. Karibu kila mtu hushika upande wa maumivu, na akifanya hivyo atachechemea zaidi.

Dawa. Ya kuzuia damu kuganda ndiyo inayokatishwa kwanza, kwa kuwa ni ghali na haionyeshi kazi yake. Mguu uliopasuliwa damu yake inakwenda pole, na hatari ya bonge la damu inaendelea kwa wiki kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Ndiyo sababu daktari anaweza kuandika siku 35. Yawezekana ni vidonge vya rivaroksabani vya miligramu 10 mara moja kwa siku, au sindano za enoksaparini za miligramu 40, au aspirini. Ni ile moja uliyoandikiwa, haichanganywi na nyingine bila daktari. Sindano ya enoksaparini huchomwa kwenye mafuta ya tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, leo kulia kesho kushoto. Lile povu la hewa lililomo kwenye bomba halitolewi, limewekwa makusudi. Na usisugue ulipochoma, utaacha madoa ya damu chini ya ngozi.

Ya maumivu, msingi ni paracetamol: kwa mtu mzima asiye na shida ya ini, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vinane kwa siku. Dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani, hivyo hesabu hizo pia. Diklofenaki ya duka la mtaani ndiyo tunayoigombeza sana. Pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda inaweza kuleta damu tumboni, na kwa mzee mwenye presha inaumiza figo. Tramadol inatia kizunguzungu na kufunga choo. Choo kigumu ni jambo kubwa kwenye nyonga mpya, kwa sababu anayejikamua huinamia mbele. Maji, papai, mboga za majani, uji wa dona, na dawa ya kulainisha kama daktari kaandika, vianze siku ya kwanza, si siku ya tano.

Wengi hurudi na upungufu wa damu na vidonge vya madini ya chuma. Visinywewe na chai, chai huzuia madini kuingia mwilini. Nafasi ya saa moja au mbili inatosha. Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida. Kikiwa cheusi kama lami, kinanata na kinanuka vibaya, hiyo ni damu, kimbieni hospitali. Supu ya makongoro aletewe kama anaipenda, haina ubaya ikipungua chumvi, lakini kinachojenga misuli ni maharage, mayai, dagaa, samaki na maziwa, kila siku.

Kidonda kibaki kikavu, chini ya plasta aliyotoka nayo, mpaka nyuzi zitoke kati ya siku ya 10 na ya 14. Kama ni pini za chuma badala ya nyuzi, ulizeni mapema kifaa cha kuzitolea, maana zahanati nyingine haina. Asali, unga wa dawa na majivu visiguse kidonda. Usaha kwenye kiungo bandia si sawa na usaha wa jipu: wadudu hujenga utando juu ya chuma ambao dawa haipenyi vizuri, na tiba yake inaweza kuwa kufunguliwa upya. Kwa hiyo kidonda kinachoendelea kutoa majimaji baada ya wiki moja kionwe na aliyepasua. Msimpe vidonge vya antibayotiki vilivyobaki kabatini ili kungojea. Vinaficha tatizo bila kulimaliza, na kipimo cha maabara kinakosa majibu.

Hapa tunagombana na mabibi. Kukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta kumewasaidia wazazi wengi, lakini si huku. Maji ya moto juu ya kidonda kibichi yanaongeza uvimbe, na kuchua shavu la mguu wenye bonge la damu kunaweza kulisukuma likaelekea kwenye mapafu. Shangazi aliyesafiri toka kijijini na chupa ya mafuta apewe kazi nyingine, ya heshima: ashike zamu ya mazoezi. Uvimbe unatulizwa kwa kulala mguu ukiwa juu ya mto kwa saa moja mchana, na kwa barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika 15, mara tatu au nne kwa siku. Mwenye selimundu asiwekewe barafu bila kuuliza, baridi humchokoza. Na hao ni wengi kwenye upasuaji huu, kwa kuwa ugonjwa wao hukata damu isifike kwenye kichwa cha paja na mfupa unakufa wangali vijana. Vijana hawa maumivu huwaisha haraka, wakavunja miiko wiki ya tatu. Wanywe maji mengi, waendelee na dawa zao za kila siku.

Mazoezi yenyewe hayana ajabu. Kupandisha na kushusha nyayo mara 10 kila saa akiwa macho. Kukaza misuli ya paja goti likiwa limenyooka, kuhesabu mpaka tano na kuachia, mara 10. Kukaza makalio vivyo hivyo. Akiwa amesimama na ameshika meza nzito, kupeleka mguu ubavuni bila kuinamisha mwili. Seti tatu kwa siku. Kutembea dakika 5 mpaka 10, mara tatu kwa siku, na kuongeza kidogo kila wiki. Kipimo cha kuzidisha ni kesho yake asubuhi: mguu ukiamka umevimba kuliko jana, punguza.

Uvimbe wa jioni na michubuko inayoshuka mpaka gotini huchukua wiki kadhaa, visiwatishe. Mguu kuonekana mrefu kuliko mwenzake nako ni malalamiko ya kila siku. Mara nyingi ni misuli iliyokazana miaka mingi ikikivuta kiuno upande, na hulegea kwa mazoezi. Msikimbilie kwa fundi viatu kuongeza soli kabla ya miezi mitatu.

Vya kutisha ni hivi. Shavu la mguu mmoja limevimba, la moto, linauma ukiligusa. Kifua kinabana ghafla, pumzi inakatika, anakohoa damu. Homa yenye kidonda chekundu. Na kuchomoka kwenyewe: mlio kama tok, maumivu ya ghafla, mguu umekuwa mfupi, hauwezi kukanyagwa, kwa aliyepasuliwa nyuma unyayo mara nyingi umegeukia ndani. Msiuvute. Msimwite mganga wa kienyeji wa mifupa. Weka mito katikati ya miguu, mbebeni akiwa amelala kwenye godoro au mlango, na msimpe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda atalazwa usingizi wa dawa ili irudishwe.

Usafiri. Bodaboda hapana. Bajaji mlango wake unamlazimisha mtu kujikunja, na rasta za barabarani zinamrusha. Noah ina viti virefu, inafaa kuliko gari dogo. Kiti cha mbele kisogezwe nyuma kabisa na kulazwa kidogo, mto uwekwe, juu ya mto mfuko wa nailoni ili makalio yateleze. Akae kwanza makalio, mgongo ukiwa ndani, ndipo miguu yote miwili iingizwe pamoja. Mfuko uondolewe kabla gari halijaanza, la sivyo breki ya kwanza itamshusha. Mgonjwa wa Kigoma au Songea aliyepasuliwa Muhimbili abaki kwa ndugu Dar es Salaam mpaka nyuzi zitoke. Akiweza kungoja kliniki ya wiki ya 6, bora zaidi. Akilazimika kupanda basi, kiti cha pembeni mwa njia, mguu uliopasuliwa ukiwa upande wa njia, asimame kila linaposimama, na dawa ya damu isikosekane siku hiyo. Kuendesha gari kwa kawaida si kabla ya wiki 6. Tendo la ndoa nalo ni karibu wakati huohuo, aliyepasuliwa akiwa chini, chali, mapaja yasikunjwe sana. Wodini ni wachache wanaouliza, na wengi hukaa miezi kwa hofu bure.

Kuna karatasi ndogo yenye stika za viungo vilivyowekwa: aina, saizi, namba. Piga picha, na ya asili itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa. Miaka 15 ijayo kama kikombe kitachakaa, daktari atakayefungua ataihitaji. Na kila anapotibiwa mgonjwa aseme ana nyonga bandia: jino lililooza, jipu, mkojo unaochoma vitibiwe mapema kwa kuwa wadudu husafiri na damu hadi kwenye chuma, na sindano ya makalio ichomwe upande mwingine.

Jikoni, mbuzi ya nazi ifungwe kwenye ukingo wa meza nzito kwa kibano cha chuma au boliti mbili, mwenye nyumba akune amesimama au amekaa kwenye kiti kirefu. Jiko la mkaa lipande juu ya meza ya zege. Ufagio wa chelewa upewe mpini. Wengi hawavirudishi chini hata daktari aliporuhusu.

Kijiti kisitupwe. Mtihani mgumu wa mwisho huwa ni msiba, kwa maana mtu hawezi kukosa kwenda, na kule wanawake wanakaa mikekani na viti vya kukodi ni vile vya plastiki vilivyolegea. Tumeni kijana mapema na kiti cha mbao cha nyumbani na kile kijiti, akiweke karibu na ukuta, mbali na njia ya masufuria. Na mmoja wenu awaambie wafiwa mapema, ili wasimshike mikono wakimvuta akae nao chini.